Mwomba Chumvi Huombea Chunguche

(Mhadhara uliotolewa Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa, mbele ya waumini wa misikiti na makanisa)



 Mada niliyopewa ni nafasi ya sala katika kumwomba Mungu msaada wakati wa shida. Niliposoma barua ya mwaliko nilicheka peke yangu. Kuja Gulwe kuwafundisha watu kuomba wakati wa shida ni kumpelekea mtu wa Kigoma migebuka. Hapa Desemba mnaomba mvua inyeshe. Ikinyesha, mnaomba Mto Kinyasungwe usifurike. Ukifurika, mnaomba tuta la reli lisikatike, maana likikatika hata sukari ya dukani inapanda bei. Basi sikuja kuwafundisha kuomba. Nimekuja na swali ambalo limenisumbua miaka mingi: tukiwa shidani tunamwomba Mungu nini hasa, na ni kipi tunachomtwika ambacho si mzigo wake?

Nianze na neno lenyewe. Sala na dua tulizipata kutoka Kiarabu, na tumezizoea hata hakuna anayekumbuka. Lakini omba ni neno letu la Kibantu, na hapo ndipo Mwislamu na Mkristo wanapokutana bila kuitishiwa mkutano. Ndani ya omba mna omboleza: kulia msibani na kusihi kwa machozi ni neno moja. Ndani yake pia mna ombaomba. Neno hilo sisi watu wa Dodoma tunalijua kwa uchungu, kwa sababu huko Dar es Salaam mtu akimwona mzee amekaa kando ya barabara na kopo, husema "Mgogo huyo" kabla hajamwuliza kwao ni wapi.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chunguche. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumwambia mtu kwamba anayejinyenyekeza ana haja yake. Mimi naisikia kwa sikio jingine pia. Jirani anayekuja jioni na kikombe kuomba chumvi ana chungu jikoni kwake. Moto ameshawasha, mlenda unachemka, kilichopungua ni kitu kimoja asichonacho. Ukimpa, utaona matokeo yake ndani ya nusu saa. Sasa mfikirie anayeomba chumvi hali hana chungu wala kuni, na hajui atapika nini. Huyo hata ukimpa gunia zima la chumvi hujamsaidia. Mengi ya maombi yetu ya wakati wa shida ni ya huyu wa pili.

Nitasema habari za tarehe 24 Juni 2002, na najua humu ndani wamo ambao wangependa nisizitaje. Mnisamehe. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam siku iliyotangulia, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilipita hapa Gulwe, ikapita Msagali, ikaanza kupanda kuelekea Igandu. Mlimani ikashindwa. Ikaanza kurudi nyuma, polepole kwanza, kisha kwa kasi ambayo hakuna breki iliyoizuia, kilomita baada ya kilomita, mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wapo ambao hawakutambuliwa na mtu, wakazikwa pamoja Maili Mbili, Dodoma.

Wakati huo nilikuwa kijana, nakaa Dodoma mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na vyumba vingi. Mama mmoja pale uani alikuwa na mwanawe aliyetakiwa kuja na treni hiyo. Mchana kijana akapiga simu kutoka Dar es Salaam kupitia duka la jirani: alichelewa stesheni, treni ilimwacha. Yule mama akapiga kigelegele na kusema kwa sauti, "Mungu si Athumani!" Halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Chumba cha tatu kutoka kwake alikuwako mwanamke aliyekuwa bado anasubiri habari za mumewe, na mlango wake ulikuwa wazi. Kigelegele kile kilichokatwa katikati sijawahi kukisahau. Kama kuna chuo cha elimu ya dini nilichosoma, ni ua ule.

Maana tufikirie. Treni ile haikuanguka kwa ghafla kama basi linalopasuka tairi. Ilirudi nyuma kwa muda. Watu walikuwa na nafasi ya kuomba, na katika behewa la Kitanzania, nawaambieni, hakuna aliyekuwa anasoma gazeti. Waliomba kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kiha, kwa Kigogo. Walisoma shahada, walimtaja Yesu, walimtaja Mariamu. Tukisema yule kijana aliyechelewa aliokolewa na sala za mama yake, tunasema nini kuhusu sala za wale 281? Kwamba hazikutosha? Kwamba walikosea maneno? Mimi siwezi kusema hivyo, na nikimsikia mhubiri anasema hivyo kwenye kipaza sauti, naondoka. Mama yule aliyeziba mdomo alikuwa na elimu kubwa kuliko mhubiri huyo.

Tena fikirieni kaburi la Maili Mbili. Ukiwa mbele ya maiti usiyejua jina lake, utamwombea kwa dua ipi? Humjui kama alikuwa wa msikiti au wa kanisa, wa mizimu au wa kitu kisichojulikana. Unachobaki nacho ni kusema, "Ee Mungu, huyu ni wako," basi. Nadhani hiyo ndiyo sala safi kuliko zote zilizosemwa katika mkoa huu, kwa sababu haikuomba kitu chochote kwa ajili ya msemaji.

Nirudi kwenye swali langu. Wazee wetu wa Ugogo hawakuwa na msikiti wala kanisa, lakini walikuwa na shida zetu zile zile: ukame, ugonjwa wa mifugo, njaa. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikosea, imekosea mwaka mzima. Mvua ilikuwa kazi ya mtemi, mwenye mawe ya mvua, na mnyama wa tambiko alikuwa mweusi kwa sababu wingu la mvua ni jeusi. Hayo tunayajua kijuujuu, na vijana wetu wanayaita ushirikina bila kuuliza zaidi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika habari za ibada moja ambayo mimi naiona ina hekima. Nchi ikiharibika, kwa mfano ng'ombe wakianza kufa, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo na silaha zao, wakaenda kuchunga. Walicheza na kuimba kwa ukali, wakaibeba ile hali mbaya mpaka mpakani mwa nchi na kuitupa huko. Mambo yamepinduka, kwa hiyo nasi tunapinduka, ili yapinduke tena yarudi sawa.

Hapo mtanisamehe mashehe, maana naingia shambani kwenu. Katika sala ya kuomba mvua, istiskaa, watu hutoka hadi uwanjani, wamevaa nguo za unyenyekevu, wazee na watoto pamoja. Wanaanza na istighfari, yaani toba. Na imamu hugeuza shuka lake, la kulia likaenda kushoto, kama alivyofanya Mtume. Mwanamke wa Kigogo na shuka la mume, imamu na shuka lililogeuzwa: hakuna aliyemwiga mwenzake. Lakini wote wawili wamekubaliana kwamba huwezi kuiomba mbingu ibadilike wewe ukiwa umekaa vilevile ulivyokuwa jana.

Wachungaji nao wana Yoshua sura ya saba. Waisraeli wameshindwa vitani kule Ai. Yoshua anararua mavazi, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la agano mpaka jioni, wazee wamejitia mavumbi vichwani. Sala ya shida kamili, na nani angeikosoa? Mungu ndiye aliyeikosoa. Alimwambia ainuke, akamwuliza kwa nini amelala kifudifudi, kisha akamwambia kuna mtu kambini ameiba. Nendeni mkamtafute. Kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, mpaka wakamfikia Akani na vitu alivyovifukia chini ya hema yake. (Adhabu aliyopewa Akani pamoja na nyumba yake inanipa taabu mpaka leo, lakini hilo ni la mhadhara mwingine.) Ninachotaka mkione ni kwamba sala ilisimamishwa ili hesabu ifanyike.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Katika mila zetu, katika Uislamu na katika Biblia, sala ya shida ina nusu mbili: hesabu na ombi. Hesabu inatangulia. Nani amekosea, nini kimeharibika, kipi kilikuwa mikononi mwetu tukakiacha? Baada ya hapo ndipo mikono inapoinuliwa kwa ajili ya kile kisichokuwa mikononi mwetu. Sisi wa leo tumeibakiza nusu ya pili na kuitupa ya kwanza, kwa sababu ya pili inafanyika kwa vipaza sauti na mahema na wageni rasmi, na ya kwanza inaudhi watu.

Mfano mkubwa ni Mtunya. Wazee mlisikia kwa babu zenu. Kati ya 1917 na 1920 njaa iliyoitwa kwa jina hilo iliwaua Wagogo wengi sana. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria watu 30,000 katika 150,000 hivi. Tukisimulia tunasema mvua ilikataa, na ni kweli ilikataa. Lakini kabla mvua haijakataa, majeshi yalikuwa yamepita. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Vijana waliobeba mizigo hawakurudi kulima. Ukame ulipofika, ulikuta vihenge vitupu na mazizi matupu. Ukame wa namna hiyo Ugogo ulikuwa umeshauona mara nyingi, na watu walikuwa na njia zao: kuuza ng'ombe wapate nafaka, kuhamia kwa ndugu, kula matunda ya mbuyu. Safari hii njia zote zilikuwa zimezibwa, na walioziziba walikuwa watu wenye vyeo na majina. Kuomba mvua kulikuwa halali kabisa. Lakini ng'ombe waliochukuliwa na jeshi hawanyeshi kutoka mawinguni.

Katika miaka hiyo hiyo, Novemba 1917, alizaliwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili, akaandika historia ya Wagogo na tenzi za Injili na Zaburi. Huwa najiuliza mama yake aliomba nini mwezi ule.

Sasa niseme la karibu zaidi, nalo ni gumu kidogo kwa sababu marehemu hana mdomo wa kujibu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, Rais John Magufuli aliitangazia nchi siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Misikiti na makanisa hayakufungwa. Wako waliocheka, hasa nje ya nchi, na mimi sikucheka. Taifa kuomba pamoja si jambo la aibu. Watu walikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anahitaji mahali pa kuipeleka. Mwaliko ule uliwafikia Waislamu na Wakristo sawasawa, na watu waliuitikia kwa moyo.

Nina neno dhidi yake hata hivyo. Juni mwaka huo tuliambiwa Mungu amejibu, ugonjwa umekwisha. Takwimu zilikuwa zimeshaacha kutolewa. Hapo sala iligeuzwa ikawa kifuniko cha chungu ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifunua. Anayeuliza wagonjwa ni wangapi akaonekana ana imani haba. Nawaambia kama muumini: hilo liliidhuru sala kuliko lilivyoudhuru ugonjwa. Januari 2021 Maaskofu Katoliki waliwaandikia waumini wao wajihadhari na wimbi jipya, nao wakaomba vilevile. Aprili Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa hadharani. Mwenyezi Mungu hakuwa mkali zaidi Julai kuliko alivyokuwa Juni ya mwaka uliotangulia. Tulichopata kati ya miezi hiyo ni ruhusa ya kuhesabu.

Kuna mtu ananyoosha mkono pale nyuma tangu kitambo. Najua swali lako, mzee wangu: basi kama kazi ni kuhesabu na kuchanja na kufunga breki, Mungu anabaki na nini? Anabaki na mengi. Nimesema kuna kile kisichokuwa mikononi mwetu. Mwanamke wa chumba cha tatu pale uani alipopata habari kwamba mumewe yumo, hakuna tume ya uchunguzi ambayo ingemshika mkono usiku ule. Walimshika wanawake wenzake, Waislamu na Wakristo, wakakaa naye sakafuni, wakaomba, wakaomboleza; yule aliyepiga kigelegele akiwa wa kwanza kuingia. Ukitaka kujua kama kuna Mungu anayesaidia wakati wa shida, mimi ushahidi wangu ni chumba kile. Sina mwingine, na huo unanitosha. Wahenga wana usemi mwingine mkali, kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Kweli, halimpati. Lakini mkae mtazame kuku mwewe anapozunguka juu: analia, na papo hapo anakusanya vifaranga chini ya mbawa. Hasubiri jibu ndipo aanze kuwakusanya.

Nimalizie na mto wenu. Reli hii ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Wajenzi waliipitisha bonde la Mkondoa na Kinyasungwe kwa sababu bonde ndiyo njia nyepesi ya kupanda milima. Maji nayo yanajua hivyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalizoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi treni hazikupita. Kilosa watu walilala kwenye mahema. Wajapani wa JICA walikuja kuupima mto na kuandika ripoti zao, na sasa reli mpya ya kisasa inapita, ambayo tangu 2024 inabeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma. Matuta yake ni makubwa na madaraja yake marefu. Mchanga wa Kinyasungwe hata hivyo hausomi ripoti. Unatoka huko juu, kwenye vilima tulivyovikata miti kwa mkaa na kuvilima kwa mteremko, na unajaza mto mpaka maji yanakosa pa kupita isipokuwa kwetu.

Mvua ikizidi, tunaomba. Tuombe. Lakini hesabu ya Kinyasungwe haiko mbinguni, iko kwenye vilima vile mnavyoviona mkitoka nje ya mlango huu. Kondoa walilijua hilo zamani: serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na 1979 ikaondoa mifugo yote katika eneo lililoliwa na mmomonyoko. Ilikuwa amri kali, na wengi waliumia, sitaisifu yote. Lakini uoto ulirudi. Hapa kwetu njia imekuwa ya upole zaidi: Kisiki Hai, kazi inayosukumwa na LEAD Foundation yenye makao yake Mpwapwa. Hupandi mti. Unatafuta kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake bado iko hai, unachagua machipukizi machache, unayapogolea, unayafunga kitambaa ili mchungaji wa mbuzi ajue yana mwenyewe. Kazi ya kisu na macho. Nimeona shamba la mwanamke mmoja hapa wilayani, asiyejua kusoma, ambaye miti yake sasa inampa kivuli cha kupumzikia. Nikamwuliza kama anaomba mvua. Akanitazama kama mjinga. "Naomba kila siku," akasema, "ningevifunga vitambaa vyote hivi kwa ajili ya nani?"

Mashehe na wachungaji, ombi langu ni kwenu, na ni dogo. Kabla ya Desemba mtaitisha maombi ya mvua, kama kila mwaka. Mwaka huu fanyeni ya pamoja, na msiyafanyie hapa ukumbini. Fanyieni kule juu kwenye makorongo, asubuhi, kila mtu na kisu chake na kitambaa cha nguo kuukuu. Anayetaka kugeuza shuka ageuze. Mimi nitakuja na treni ya asubuhi.